Semeni wa Barabara ya Kumi na Tatu

Karani wa vizazi akainua kalamu:
"Semeni? Hilo jina au amri?"
Nikamwambia, andika, mwanangu, vyote viwili.

Shuleni, Mwalimu Shekiango akiita daftari,
Rukia, nipo, Zaituni, nipo, Semeni...
darasa zima likadakia: "Tuseme nini, mwalimu?"
Nami, mwenye kigugumizi,
nikabaki na "nipo" yangu kinywani
kama kokwa ya zambarau.

Zamani tulikuwa wengi.
Ngamiani peke yake nilihesabu vidole vikaisha,
nikaazima vya jirani:
Semeni wa mafuta ya taa,
Semeni Mrefu,
Semeni aliyeolewa mara tatu na mume yule yule.
Kliniki ya Makorora nesi akiita, "Semeni!"
walisimama wanne, na watoto wanne mgongoni,
na mtoto mmoja akadungwa sindano isiyo yake.
Siku hizi nikiitwa
nageuka bila wasiwasi. Ni mimi tu.

Maana yake nilipewa na bibi mzaa mama.
Miaka tisa mama kaolewa, tumbo bapa kama sinia.
Akifika bombani maneno hukatika,
zikabaki ndoo ndizo zinazosema.
Mawifi walishamwonea mumewe mke mwingine, Muheza,
hata rangi ya kitanda ilishachaguliwa.
Kisha mimi.
Siku ya arobaini, bibi akanitoa kibarazani, wanja hadi kwenye nyusi,
akatazama mtaa juu, akatazama mtaa chini:
"Haya. Semeni sasa."

Nimelivaa hivyo miaka hamsini na moja,
kidevu juu,
kama mtu aliyeshinda kesi
ambayo hakuwahi kuitwa mahakamani.

Mwaka jana, msibani Duga, tunachambua mchele,
Shangazi Mwanamkuu, meno yamemwisha, kumbukumbu bado,
akacheka hadi pumzi ikamkata.
"Kibarazani? Nani, mama yetu?
Yule hakuwa na ubavu wa kumjibu hata kuku.
Ulizaliwa kimya, wewe.
Buluu kama wino.
Mkunga akakupindua, akakupiga matako, akakupulizia, wapi.
Na sisi wanawake sita mle chumbani tumekufa ganzi,
dua yenyewe imetukwama kooni.
Akatugeukia na jasho lake, akafoka:
'Semeni! Semeni lolote,
mtoto asikie huku kuna watu!'

Basi mmoja akataja bei ya dagaa.
Mwingine akaanza Yasini, tena katikati.
Mimi nikauliza nani kachukua ufunguo wa kabati.
Mama yako akamtukana baba yako
matusi ambayo sijayasikia tena Tanga hii.
Ndipo ukalia."

Nikabaki na ungo mapajani,
chuya na mchele vimechanganyika upya.
Bibi alinidanganya, au shangazi,
na wote wawili walikuwepo, mimi ndiye nilikuwa sijafika.

Leo mjukuu wangu ana siku saba.
Mama yake kamwita Inaya,
kaliona kwenye simu, na maana kaisoma humo humo.
Jina zuri, linanukia sabuni ya nje ya nchi.
Sikupinga. Karani kaliandika bila kuuliza kitu,
ila langu, la mtoa taarifa, ndilo lililomshinda.

Wageni wameondoka na vyombo vyao.
Nywele zake za kwanza ziko kwenye kisahani.
Nyumba imekuwa kimya, kimya kile,
na mtoto kakodoa macho darini
kama anayetafuta mlango alioingilia.
Nikamwinamia.
Sikuwa na neno la maana.
Nikamwambia, kwa kigugumizi changu chote,
da-dagaa Mgandini wamepanda tena,
nyanya zina maji, usinunue kwa yule wa kona,
na ufunguo wa kabati, mjukuu wangu,
haujaonekana mpaka leo.

Akapepesa jicho moja.
Nikaendelea.