Nusu ya Swali

Februari, Changanyikeni. Feni imesimama.
Luku ililia mara tatu, ikanyamaza,
na mimi, fulana imenishika mgongo kama ngozi ya pili,
nahesabu baridi:
sehemu chache za elfu ya digrii
juu ya ile sifuri isiyo na chini yake.

Mashine yenyewe sijaigusa, iko ng'ambo.
Hapa nina kompyuta, betri asilimia kumi na tisa,
na daftari lenye duara la kikombe cha chai.

Elektroni moja inatumwa.
Inafika njia panda, haichagui:
inapita kushoto na kulia,
wimbi moja, miguu miwili.
Kila upande kyubiti imekaa kibarazani,
haiguswi, haisemeshwi,
ila ujirani una uzito wake;
ukipita karibu na mwenye neno moyoni
hatua hubadilika.
Kutangulia nusu hatua, kuchelewa nusu hatua,
mbele njia zikikutana ni yale yale.
Mlango huu ukifunguka: wako sawa.
Ule: wametofautiana.
Nani ndiyo, nani siyo,
mlango hausemi.

Wiki tatu mfungamano ulinitokea sifuri.
Dokta Kokushubira akalichukua jedwali langu la safu nne,
akalitazama kama mtu anayenusa maziwa,
akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
*Umeuliza mno.*

Sikumwelewa, hadi jana jioni.

Bi Sikudhani na Bi Mgeni, ukuta mmoja, bomba moja,
bili ya maji moja,
walikuwa na ukimya ambao hata wao
hawakujua ni hasira au ni uchovu.
Mama mwenye nyumba akamtuma Nasra:
kawasabahi, huku na huku, urudi.
Nasra akarudi anamung'unya ubuyu,
midomo myekundu.
"Haya, nani kanuna?"
"Sikuuliza. Ila hawako sawa."
Basi.
Mtoto hakubeba zaidi ya hilo,
na hilo likawafunga wale wawili
kuliko undugu.

Nikakata safu mbili kwa rula.
Nne zikawa mbili: sawa, si sawa.
Mkono ulisita, nakiri;
nimesomeshwa tangu darasa la kwanza
kwamba kujua ni kujaza,
na hapa natakiwa niache shimo makusudi,
nilichunge kama kitu cha watu.
Betri ikafa katikati ya mstari.

Umeme ulirudi saa nane usiku.
Feni ikakohoa, mbwa wa jirani akabweka,
taa ya uani ikaniingia machoni.
Sikuwasha kompyuta kwanza.
Nililaza sikio ukutani.
Upande wa Bi Mgeni
mtu alikuwa anacheka, polepole, peke yake.

Sikuhitaji kwenda kusikiliza upande wa pili.