Ukoko

Kiinua mgongo changu kiliishia kwenye tiketi.
Wenzangu walinunua mabati.
Mimi, mpishi wa bweni miaka ishirini na saba,
nilitaka kula mahali ambapo sitaosha sufuria.

Ndivyo nilivyofika Ninh Bình, mvua ya rasharasha,
nikakalia kiti cha plastiki, chekundu, kifupi,
magoti yakinigusa kidevu,
mbele yangu bakuli la tambi
na mvuke wa mifupa iliyokesha motoni.
Vijiti viliniponyoka mara nne.
Dereva wa lori, jirani wa meza, hakucheka.
Aliinua vyake polepole
kama unavyomwonyesha mtoto kushika kalamu,
kisha akainama, akafyonza kwa kelele
ili nijue kelele ni ruhusa.
Bwenini, kwa mfyonzo ule, ungefukuzwa mezani.
Nikafyonza.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya Bi Nhàn.
Hatukuwa na lugha; tulikuwa na jiko.
Siku ya tatu sikungoja nipewe jembe:
nilivuta ubao, nikakata mchaichai,
naye akautazama mkono wangu
akaniachia kisu.

Dirishani akaonyesha shamba: lúa.
Nikasema: mpunga.
Akachota guniani, kiganja tele: gạo.
Mchele.
Akafunua chungu: cơm.
Wali! nikasema, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia,
maana niliwahi kupikia mwalimu wa kujitolea
ambaye kwao vyote vitatu vina jina moja;
aliniuliza wali huvunwa mwezi gani.

Jumapili ilikuwa siku ya marehemu, Bwana Lượng.
Tangu alfajiri tuliparuza, tulikunja, tulikaanga.
Kuku mzima, supu ya machipukizi ya mianzi,
samaki wa mtoni kwa tangawizi,
vyote vikapanda kwanza mbele ya picha yake,
vijiti vya udi vikawashwa,
na sisi tukangoja
marehemu ale ashibe.
Mimi mpishi, najua mafuta yanavyoganda.
Nilihesabu mvuke ukipungua juu ya supu.
Hakuna aliyeharakisha. Udi uliungua kwa saa yake.

Kisha mkeka. Mjukuu, Khôi, miaka saba,
hakugusa kitu kabla ya kumkaribisha kila mmoja:
bibi, karibu wali; mjomba, karibu wali;
mama, karibu wali, kwa cheo na umri, bila kuruka.
Alipofika kwangu akakwama.
Akanikagua mvi, akamgeukia Bi Nhàn kwa mnong'ono.
Bà, akajibiwa.
Bibi, karibu wali.
Basi nikawa na ngazi yangu katika ukoo wa watu.

Na papo hapo nikaivunja adabu:
nikitafuta leso, nilichomeka vijiti wima katikati ya wali.
Mkeka mzima ukanyamaza.
Quyên, binti wa nyumba, akavichomoa, akavilaza kando,
akaelekeza kidole kwenye udi uliokwisha,
wima, majivu matupu.
Nikaelewa. Wima ni kwa aliye pichani.
Uso uliniwaka kuliko pilipili.
Mjomba akanitilia samaki bakulini, mnofu wa shavu,
na midomo ikaanza tena kutafuna.

Walipoondoka, tulibaki wawili na masufuria.
Bi Nhàn akakwangua chungu hadi chini,
kile kilichoshika, cha kahawia, kinacholia meno.
Kipande kimoja kilikuwa juu tangu asubuhi,
kwenye kisahani chake peke yake, mbele ya picha.
Akakishusha. Akaipangusa kona ya fremu kwa kanga—
hapana, haikuwa kanga, ilikuwa taulo la jikoni,
mkono tu ndio ulikuwa ule ule.
Cháy, akasema.
Ukoko, nikasema.

Bwenini ukoko ulikuwa wangu, hakuna aliyeuhesabu.
Miaka ishirini na saba niliula nimesimama,
mgongo kwa mlango, kengele ikigonga.

Akakivunja katikati.
Akanisogezea kiti, kile kifupi.