Vua Soksi

Neno lake la kwanza lilikuwa: Vua soksi.
Kabla ya picha, kabla ya faili, kabla hata ya jina,
Profesa Halszka Brodowicz alipiga goti
kwenye sakafu ya kliniki ya Jumanne, mjini Łódź,
theluji ya mabuti ikiyeyuka mlangoni,
akaweka vidole viwili juu ya wayo wa mtu
akanyamaza, kama anayengoja hodi.

Sisi wanafunzi tulisimama nyuma yake kama magunia.
"Mnasikia?"
Hatukusikia kitu.
"Basi. Hicho ndicho na mimi nakisikia."

Zenon Pabich, dereva wa tramu miaka thelathini na mmoja,
alipima maradhi yake kwa nguzo za taa.
Kiangazi, nguzo kumi na mbili kabla shavu la mguu halijambana.
Vuli, sita.
Sasa tatu, kisha husimama
akijifanya anatazama bei za viatu dirishani,
jirani asije akajua.
Kidole gumba kilikwisha kuwa rangi ya masizi.

Husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ndani ya ateri mambo ni kinyume:
ukuta hujijenga wenyewe, tabaka juu ya tabaka,
na sisi kazi yetu kusaka ufa.

Usiku ule alimfungua kuanzia kinenani hadi kifundoni,
akaitoa veni ndefu aliyozaliwa nayo mzee,
akaigeuza, kichwa chini miguu juu,
maana vali zake ni milango ifungukayo upande mmoja
na damu haibembelezi bawabu.
Akashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
akinong'ona hesabu ya mishono.
Saa tisa akalegeza koleo.
Wayo ukarudiwa na rangi polepole,
kama mtu anayekumbuka jina alilolisahau.

Mama yake alikuwa mfumaji kiwanda cha soksi.
Soksi ni nini, alituuliza darasani,
kama si mrija uliozibwa mwisho?
Alinunua mashine kuukuu kwa bei ya chuma chakavu,
akaifundisha kufuma mirija myembamba ya poliesta
kwa wale wasio na veni za kuazima.
Miaka tisa. Kondoo kwanza, kisha watu:
wagonjwa mia tatu na kumi na wanane,
na mimi niliyewapigia simu, mmoja mmoja, kila masika.
Wengine walipokea wajane wao.

Mwaka wa pili karibu nusu ya mirija ilikuwa imeziba.

Mtu wa kampuni, mwenye tai ya hariri, alishauri kwa upole
tuhesabu ile iliyoishia juu ya goti tu,
huko takwimu zinapendeza.
Alimtazama kupitia miwani yake ya kukuzia, aliyosahau kuivua.
"Miguu ya chini ya goti nayo ina wenyewe," akasema.
Akachapisha yote. Kule Ghent, mbele ya ukumbi uliojaa,
sentensi yake ya kwanza: Mrija wangu umeshindwa.
Ruzuku ikakatwa. Kesho yake, Jumanne,
alikuwa amepiga goti sakafuni.

Ofisi yake sasa ni yangu.
Kwenye droo kuna mrija mmoja mweupe, mikunjo kama koo la kuku.
Sijui niuweke wapi. Wakati mwingine nauvisha kidole
nikisubiri kompyuta iwake.

Mwezi uliopita aliingia mzee, gongo kila kwapa.
Mguu mmoja, ule ambao hatukuushona, tulimkata miaka mingi nyuma;
kisukari hakikutupa nafasi, na kidonda ndugu hakina undugu.
"Bwana Pabich," nikasema, "vua soksi."
"Ipi?" akauliza, akacheka hadi akakohoa.

Nikapiga goti. Goti langu nalo limeanza kulalamika.
Vidole viwili.
Nikanyamaza.

Hodi.
Hodi.