Namba Mia Nne na Saba

Chumba changu kipo chini ya ardhi, hospitalini Maskati.
Nje lami inayeyuka; humu kiyoyozi kinaniuma mifupa.
Kazi yangu ni kuchora.
Vichwa hunijia vimekatwa vipande vyembamba,
vya kijivu, bila majina,
nami kwa kipanya nauzungushia uvimbe mstari mwekundu:
hapa saratani, hapa maji yake, hapa palipokwisha kufa.
Kichwa kimoja, asubuhi nzima.

Kisha naikabidhi mashine.
Hiyo haisomi nisomavyo mimi.
Huipitisha picha tabaka kwa tabaka,
chekecheke chini ya chekecheke,
inabakiza vitu nisivyo na majina yake,
na mwisho hutoa siku.
Mia tatu na arobaini. Tisini na mbili.
Tukilinganisha na tarehe halisi, hukosea,
lakini hukosea kidogo kuliko sisi.

Hiyo tarehe halisi
nimeiandika miaka mitatu, mkono hautetemeki.

Shaabani ikaja picha yenye shimo jeusi kwenye taya,
pale chuma kinapoilaghai sumaku.
Nalijua jino hilo.
Lilitiwa Unguja, Darajani, kwa fundi aliyelipwa kwa karafuu,
na kila Idi tulikuwa tukimchekesha shangazi Ghaniya
ili litoke nje lituone.

Uvimbe upo kushoto, juu ya sikio,
wanakolala maneno.
Kiarabu kilimtoka kwanza. Miaka hamsini kimekaa naye,
kikaondoka bila kuaga.
Mumewe, Bwana Muhanna wa Nizwa,
Kiswahili anakijua "njoo" na "tamu", basi.
Akawa ananipigia simu usiku: anataka nini?
Anataka mto, nasema. Anasema miguu yake baridi.
Ndoa ya miaka arobaini na tisa,
na mimi katikati, kamusi.

Daktari akaniomba nimweleze.
Shangazi, kuna kompyuta. Imekutazama.
"Imeona nini?"
Miezi kumi na moja.
Akavikunja vidole, kimoja kimoja,
vikaisha, akaazima kidole changu kimoja.

"Nani kaifunza?"
Mimi.
"Wewe! Wali tu unakushinda."
Nikacheka, nikajirekebisha: wagonjwa ndio walioifunza,
elfu moja na mia mbili, wa nchi za mbali.
"Wazima?"
Nikakosa pa kutazama.
Karibu wote, hapana, shangazi.
Ili ijifunze siku, siku lazima iwe imekwisha kufika.

Akatafuta neno. Nikaliona likimkimbia,
akalidaka mkiani:
"Umewarehemu?"

Sikuwa nimewarehemu.
Nilikuwa nimewapanga. Nilikuwa nimewasafisha,
ndivyo tusemavyo kazini, kusafisha takwimu,
nami ni mjukuu wa mwosha maiti
na sikuwahi kulisikia neno hilo.

Sasa zamu za usiku, mashine ikiunguruma,
naanza juu ya jedwali.
Namba moja, Mungu amrehemu, siku mia mbili na nane.
Namba mbili, Mungu amrehemu.
Sijui walisali wapi, au kama walisali.
Nikichoka naweka alama, kesho naendelea.
Juzi nilifika mia nne na saba: siku kumi na tisa.
Kumi na tisa!
Wewe nani alikutafsiria?

Kwenye mstari wa shangazi safu moja imejaa,
ile ya mashine.
Safu ya pili ni nyeupe, na mimi ndiye mwenye funguo.

Jana alasiri alinituma ndimu.
Muhanna akakimbilia jikoni, akarudi na zile zao,
nyeusi, kavu, zinazolia ndani ukizitikisa.
Shangazi akazitazama, akatikisa kichwa,
kichwa kile kile,
akasema polepole, akimfundisha:
"Mbichi."
Naye mzee, kwa ulimi mzito: "Mbi-chi."
"Eee," akasema shangazi, na jino likatoka nje.