Kifungu cha Kumi na Saba

Nilikuja na projekta ya kuazima na slaidi arobaini.
Ukumbi wa hoteli, Milimani, Kisumu. Feni moja inafanya kazi.
Wawakilishi wadi walitia sahihi kwanza kwenye karatasi ya posho,
kisha wakaketi, kila mmoja na chupa yake ya maji,
simu zimelazwa kifudifudi
kwa dakika tatu.

Nikawaonyesha mto Nyando ukiingia Ahero usiku,
mpunga chini ya maji, ukuta wa darasa
na mstari wa tope kimo cha mtoto wa chekechea.
Nikawaonyesha jua letu, mwezi kwa mwezi, bure.
Nikasema “hewa ukaa.”
Mheshimiwa Rading’ akapiga mwayo mpana, wa haki,
mwayo wa mtu aliyehudhuria matanga matatu tangu Ijumaa.

Mheshimiwa Obura akainua mkono:
“Dada, zile taa za sola za Nyalenda, betri ziliibwa zote.
Nguzo ndizo zimebaki. Watu wanafungia kamba za kuanikia nguo.
Sasa unataka tupitishe sheria ya nguzo zingine?”
Wakacheka. Nami nikacheka,
maana katika slaidi arobaini
sikuwa na hata moja ya mwizi.

Chai. Mandazi. Watano hawakurudi.

Kule nyuma, karibu na mlango, alikuwapo Turfena Akeyo,
mwakilishi mteule, aliyekaanga mgongo wazi Obunga
miaka ishirini na miwili kabla chama hakijaandika jina lake.
Jicho lake la kushoto ni jekundu tangu enzi hizo.
Yeye anasema ni moshi, daktari anasema ni moshi;
ndilo jambo pekee wanalokubaliana.
Mkononi alikuwa na mswada, tafsiri yangu ya usiku wa manane,
kurasa zimebanwa kwa pini ya kitambaa chake cha kichwa.

“Mwalimu,” akaniita. Mimi si mwalimu, lakini nikaitika.
“Kifungu cha kumi na saba. Soma.”
Nikasoma: *Serikali ya kaunti inaweza kutenga fedha
za majiko safi katika masoko na shule.*
“Hapo hapo. Inaweza. Nani kalitia neno hilo?”

Kimya. Feni.

“Marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema,
alikuwa anaweza kuleta unga.
Miaka kumi na minane, alikuwa anaweza.”

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Rading’ akaamka kabisa.
Kwa Kiingereza neno lile lilikuwa fupi, la adabu, halina makosa.
Wanasheria walilipita mara nne, mimi mara tano.
Ilibidi livuliwe koti, livishwe leso,
ndipo litambuliwe
na mtu aliyeishi nalo nyumba moja.

Akachukua kalamu, ile yetu ya bure yenye nembo,
akalikata, akaandika juu yake: *itatenga*.
“Haya,” akasema, “sasa hiyo hewa ukaa, polepole.
Moshi wa karai langu naujua.
Huo wa mawinguni ndio hatujajuana.”
Nikazima projekta.
Nikaanzia kwenye karai.

Jumanne akidi haikutimia. Mswada umesogezwa
hadi baada ya mapumziko, na baada ya mapumziko kuna bajeti.
Obura bado ana nguzo zake na swali lake;
usiku mwingine nalala nalo, nalo halilali.

Ijumaa nilijaza fomu ya wafadhili.
Waliohudhuria: thelathini na mmoja.
Wanawake: tisa.
Mabadiliko yaliyoonekana, eleza kwa ufupi:

Nikaandika: *ta*.
Nikafuta, nikijua hawataelewa.
Nikaandika tena.