Mshika Mbili

Miaka kumi na tisa nimekaa kibandani,
kilimani Valparaíso, nikipokea sarafu,
nikibonyeza kitufe,
na lifti ya reli ikiwapandisha watu makwao
huku makalio yangu yakizidi kuuzoea mto wa kiti.
Nimeinua mtaa mzima. Mimi sijainuka.

Daktari hakunigombeza. Aliandika tu: tisini na nne,
akaigeuza karatasi niione,
kama mwenye duka anayekuonyesha deni lako daftarini.

Nikaanza na ngazi, zile za ubavuni mwa reli,
mia moja sitini na moja; nilizihesabu kwa matusi.
Siku ya kwanza niliishia ya arobaini,
nikakaa karibu na paka wa bibi Ormeño,
tukatazamana, sote wawili tukihema,
yeye kwa joto la Januari, mimi kwa aibu.

Kufikia Machi nilizipanda bila kusimama.
Asubuhi, jioni, hata Jumapili:
jasho likawa dini.
Kilo saba zikaenda zilikokwenda.
Halafu mizani ikagoma,
magoti yakaanza kunong'onezana,
na siku moja mtungi wa gesi,
ule ule niliouburuta nikiwa mnene,
ukakataa kuondoka mlangoni.
Nikaukalia, nikalia.
Nimepungua, ndiyo. Lakini nimepungua nini?

Baldomero wa nyumba ya chini,
kuli wa bandarini hadi kreni zilipomnyang'anya mzigo,
alinisikia. Akasema:
"Umechoma kuni zikaisha,
ukaanza kuchoma nguzo za nyumba."

Uani kwake kuna makopo ya rangi yaliyojazwa saruji,
mawili mawili, yameungwa kwa bomba la maji.
"Chuchumaa kana kwamba kuna mtu kakusogezea kigoda.
Mgongo, Nélida! Mgongo si ndoana!"
Nikamwambia nimekuja kupungua,
sitaki mabega ya baharia.
Akacheka mpaka akashika ukuta:
miaka arobaini alibeba magunia
na mabega hayo anayatafuta hadi leo.

Nikamtolea methali. Mshika mbili, nikasema, moja humponyoka.
Hakujibu. Alinyoosha kidole kuelekea kazini kwangu:
mabehewa mawili, kamba moja,
hili likishuka ndipo lile linapanda.
"Likate moja," akasema, "uone jingine litaishia wapi."
Miaka kumi na tisa nimeyatazama mabehewa yale,
na ilibidi nionyeshwe.

Sasa Jumanne na Ijumaa ni za makopo.
Ngazi nimezipa siku tatu,
na za Alhamisi ni ngazi za maongezi:
nikishindwa kumaliza sentensi, napunguza mwendo.
Wiki nyingine mpango unavunjika.
Binti yangu huja na keki, mvua hunyesha,
au uvivu tu, bila kisingizio.

Mwezi Mei mizani iliongeza nusu kilo.
Nilitaka kuitupa baharini, na Baldomero aifuate.
Lakini sketi ya sare ilikuwa inazunguka kiunoni,
zipu imehamia mbele
kama mgeni aliyepotea nyumba.

Jana gesi ililetwa. Nilichuchumaa,
nikaukumbatia mtungi, nikasukuma ardhi kwa visigino,
ukaja.
Vidato kumi na kimoja mpaka jikoni.
Nilipumzika mara mbili, sitadanganya,
na mara ya pili nilimtukana mtu asiyekuwepo.

Leo ni Jumatano. Siku ya kutofanya kitu,
ndiyo siku iliyonishinda kuliko zote kujifunza.
Mapaja yananiuma mahali nisipojua kama pana nyama.
Nabonyeza kitufe; mabehewa yanaondoka,
yanakutana katikati, yanapishana chupuchupu,
kila moja na njia yake.
Juu ya ngazi ya arobaini paka ananiangalia.
Kesho, namwambia.
Leo nimekaa,
na kukaa huku ni kazi.