Kiputo Kitupu

Kurasa kumi na mbili, karatasi zilizokunjwa katikati,
bibi mmoja, mbuzi mmoja, na soko zima la Seeb:
ndicho kitabu changu cha katuni.
Nimekichora jikoni, Mabela, kiyoyozi kikikohoa,
penseli ya buluu kwanza,
kisha wino juu yake, taratibu,
kama anayemvisha mgonjwa nguo.

Kisa ni cha Bi Thuwaiba, mama mzaa mama,
mwaka aliofika huku na sanduku moja
na Kiarabu cha kuswalia tu.
Alitaka mbuzi. Ya kukunia nazi.
Akaulizia kwa adabu, neno kwa neno,
na mwenye duka, mtu wa watu, akafunga duka,
akamtangulia hadi mnadani.
Ukurasa wa saba: dume lenye ndevu, meno nje.
"Huyu," bibi auliza, "anakuna nazi?"

Nikaenda Ruwi kwa Biju, mwenye fotokopi.
Nakala arobaini. Stepla ikaisha kwenye ya thelathini na moja,
zilizobaki nikazishona kwa uzi wa kofia.
Nyumbani ndipo nikaona: fremu ya mwisho,
mbuzi kafungwa kwenye mguu wa kitanda,
bibi kafungua kinywa,
na kiputo chake cheupe pe, kama yai.
Nilisahau kuyatia wino yale maneno.
"Mashine haioni buluu, dada," Biju kwenye simu,
sauti ya mtu aliyewahi kulisema hilo mara nyingi.

Nikavigawa hivyo hivyo, kwa hasira.
Vitano kwa Gulzar kinyozi, chini ya magazeti makuukuu.
Vitatu kwa dobi. Kimoja kwa shangazi Salha,
aliyekipindua kama anayekagua samaki:
"Umri wote huu, bado wachora watu?"
Muhannad, mwana wa kaka, alichukua kumi shuleni;
vinne alivibadilisha kwa maji ya embe.

Wiki ya tatu vikaanza kurudi.
Gulzar kaandika Kiurdu, toka kulia, herufi za kulala.
Nilipomuuliza maana alipangusa wembe,
akasema, nilimwandikia mama.
Dobi: *Mbuzi huyu ni bosi wangu mtupu.*
Mtoto fulani, kalamu ya nta, kiputo kizima: *MEEEE.*
Na shangazi, Kiswahili kwa harufi za Kiarabu,
mkono wa chuoni, haujatetemeka bado:
*Mbuzi tumempata. Nazi je?*

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Watu wanauliza, wewe uliandika nini?
Ipo, kwenye karatasi ya asili,
buluu hafifu, ukiinamisha taa unaisoma.
Jana nimetafuta kifutio.
Toleo la pili liko kwa Biju, nakala mia,
na kiputo nimekipanua kidogo,
mbuzi nimemsogeza kushoto
apate kusikia.